Ngoja Sange Apite

"Mchumba wako ana macho mazuri," alinong'ona Jicho. "Nilimwambia ainue kidevu kidogo, akainua. Binti msikivu. Picha zimetoka safi."

"Nimekuomba tuyazungumze nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Kwangu unaingilia mlango wa nyuma. Kwenu sijafika hata siku moja."

"Punguza sauti, atasikia."

"Nani, mama yako?"

"Sange."

Walikuwa wamelala kifudifudi, bega kwa bega, chini ya turubai la kijani lililofunikwa kwa majani makavu, wakigombana kwa kunong'ona. Mtu yeyote aliyewahi kugombana na ampendaye anajua kwamba ugomvi unataka nafasi. Unataka mtu asimame, azunguke chumba, abamize mlango. Hawa wawili hawakuwa na mlango. Mbele yao palikuwa na uwazi mdogo wa kutoa lenzi, na mbele ya uwazi huo kulikuwa na nyasi tu, mpaka macho yachoke. Kanuni waliiweka wenyewe tangu mwanzo: ukishaingia chini ya turubai huinuki mpaka mnyama apite. Ukitaka kukohoa unauma kola. Ukitaka kulia, hilo hawakuwahi kulipangia.

Mwanamke walimwita Jicho kwa sababu alikuwa anaona. Kazi yake ya kila siku ilikuwa studio ya picha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo: picha za vitambulisho, picha za maharusi, watoto wachanga wanaolia kwenye mto mweupe. Lakini huku mbugani angeweza kuona sikio likicheza nyuma ya bua moja la nyasi wakati wenzake wanaona upepo. Jina hilo alipewa na huyu aliyelala kando yake, mwalimu wa biolojia wa chuo, ambaye yeye alimwita Mwalimu tu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mapenzi, na leo kwa uchungu.

Mwalimu alikuwa anatengeneza kitabu cha picha za wanyama wadogo wa mbuga ile. Kalunguyeye alikuwamo, nguchiro alikuwamo, hata kicheche aliyewanyima usingizi alikuwamo. Ukurasa mmoja ndio uliobaki mtupu, wa sange. Ukimwona sange kwa mbali utasema panya. Ukimwona kwa karibu utajicheka, maana ana miguu mirefu myembamba, na pua ndefu inayochezacheza mbele ya uso wake kama mkonga wa tembo wa kuchezea. Ni mnyama wa haya. Anatengeneza vijia vyake mwenyewe kati ya nyasi, anapiga teke majani na vijiti mpaka vijia vinakuwa safi kama uwanja uliofagiliwa, halafu anavipita mbio kiasi kwamba ukipepesa macho amekwisha kwenda. Na wenye shamba lile la malisho walikuwa wamesema kesho yake wanaleta trekta kukata nyasi. Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

"Ungeniambia kwamba anakuja studio," alisema Mwalimu.

"Mimi ningekuambia? Mimi ndiye ningekuambia wewe kwamba mama yako anakuja na mchumba wako?"

Mwalimu alifumba macho. Jicho hakumtazama usoni, lakini alijua amefumba, maana alimfahamu mpaka pumzi.

*

Walikuja jana asubuhi. Mama wa makamo aliyevaa viatu vya raba na gauni lililopigwa pasi vizuri, na binti mrembo nyuma yake aliyekuwa anahema kwa sababu ya ngazi. Mama hakuhema.

"Shikamoo mama, karibuni."

"Marahaba mwanangu. Nataka unipigie huyu picha nzuri, ya kukaa na ya kusimama. Za kumpa mwanangu azitazame, maana yeye hana muda wa kumtazama mwenyewe."

"Yuko mbali?"

"Mbali wapi. Yuko hapa hapa, kazi kulala kwenye majani. Mwanamume mzima, msomi, anakimbizana na panya mwenye pua."

Jicho alikuwa ameinama anachomeka taa ukutani. Alibaki ameinama vile vile.

"Panya gani mama?"

"Jina lake hata silijui. Ana pua kama tembo, eti. Nikimuuliza utaoa lini ananiambia ngoja kwanza nimpate panya."

Binti alicheka kwa aibu akaziba mdomo. Jicho naye alicheka, maana mteja akicheka unacheka. Kisha aliwasha taa, akamkalisha binti kwenye kiti kirefu, akamrekebisha bega kwa mikono iliyokuwa imepoa ghafla kama mikono ya mtu aliyetoka kuosha vyombo.

"Dada," binti alimuuliza kwa sauti ndogo, "nitabasamu au nisitabasamu?"

"Tabasamu kama unampenda."

"Bado sijui. Nimemwona mara chache, na zote alikuwa anaangalia simu."

Jicho alipiga picha. Alipiga ya kukaa, akapiga ya kusimama, akabadilisha pazia la nyuma kwa sababu lile la bluu lilimfanya binti aonekane mgonjwa. Alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Hakuna atakayekuja kusema kwamba alimharibia mtu sura kwa wivu.

Ni wakati wa kuandika risiti ndipo alipouliza, kama mtu anayepitisha muda, "Na mwanao hakuwa na mtu wake, mama?"

"Nimemuuliza mpaka nimechoka," yule mama alijibu, akijipepea kwa bahasha. "Nimemwambia, kama una mtu mlete. Awe mkubwa kwako, mlete. Awe na watoto, mlete, nitawalea. Mimi nataka kabla sijafa nimwone mtu anamwambia mwanangu kula, lala, vaa sweta. Anasema hana. Miaka yote anasema hana. Nikaona nisikae nikisubiri, nimtafutie."

Binti mdogo wa Jicho, aliyekuwa mezani anapaka rangi picha ya nyumba, aliinua kichwa akamsalimia mgeni. Yule mama alimpapasa nywele, akauliza jina la mwalimu wake wa shule, akasifia nyumba yenye mlango wa zambarau. Halafu akamgeukia Jicho.

"Baba yake?"

"Tuliachana, mama."

"Hasara ni yake." Alimtazama kwa muda, kutoka kichwani mpaka kwenye mikono, mtazamo wa mtu anayechagua kitambaa kizuri na hana pesa mkononi. "Bahati mbaya nina mtoto mmoja tu wa kiume. Ningekuwa na wa pili, ningekuja kukuposa mwenyewe, kwa miguu yangu."

Walipoondoka Jicho alizima taa, akakaa kwenye kile kiti kirefu, akakaa tu.

*

"Uliniambia hataki mwanamke mwenye mtoto," alisema sasa, midomo yake ikigusa majani. "Uliniambia ulipiga magoti. Uliniambia alikufukuza mezani kwa sababu yangu. Mimi nikalia, wewe ukanifuta machozi. Unakumbuka? Ulinifutia machozi ya uongo wako."

"Jicho."

"Nimemchukia yule mama bure. Nikipita mtaani kwenu nilikuwa nageuza uso. Mama wa watu hajui hata kama nipo duniani."

"Ana presha. Kila nikitaka kusema nawaza presha itapanda."

"Presha gani? Alipanda ngazi zangu akamwacha mchumba wako nyuma."

Mwalimu alitaka kucheka, ikawa kama amekwama na mfupa. Upepo ulipita juu ya turubai. Kijia cha sange kilikuwa pale mbele yao, cheupe, safi, hakuna kitu. Lenzi ilikuwa imeshalengwa mahali pamoja, pale ambapo vijia viwili vinakutana, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hata katika kuumbuliwa kwake hakukiondoa.

"Sema ukweli," alisema Jicho. "Ukweli mmoja tu, hata mdogo. Nitauvumilia."

Mwalimu aliongea akitazama kijia.

"Niliogopa watu."

"Watu gani?"

"Wote. Walimu wenzangu. Wajomba. Wanafunzi. Niliona watasema Mwalimu alikosa wasichana wote akaenda kuokota aliyeachwa, mwenye mtoto, mkubwa kwake. Nilijua mama atakubali. Ndiyo maana sikumwambia. Angekubali siku ile ile, angetangaza, na mimi ningekuwa sina tena pa kujificha."

Kwa hiyo huo ndio ulikuwa ukweli. Jicho aliupokea kifuani, akaugeuza huku na huku, akaona hauna upande usiochoma. Angependa amchukie. Lakini mtu huyu ndiye aliyemfundisha binti yake kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake uwanja mzima huku ameshika kiti, mchana ambapo hakuna mtu wa kuwaona. Ndiye aliyepanda juu ya paa lake kuziba palipovuja, mvua ikinyesha. Ndiye aliyekuwa anamkatia kucha za mkono wa kulia, kwa sababu yeye mkono wa kushoto ulikuwa haujui. Mtu hawezi kuamka asubuhi moja akayafuta hayo kama picha iliyotoka vibaya.

"Unanipenda?" aliuliza.

"Unajua nakupenda."

"Yule je?"

"Simjui hata. Sijui anapenda nini, sijui sauti yake."

"Anaongea polepole. Na yeye hajui kama anakupenda. Aliniambia." Alisogeza bua lililomchoma shavuni. "Huoni kwamba na yeye unamtesa? Amekaa kwenye kiti changu anajitahidi kutabasamu kwa ajili ya mtu anayeangalia simu."

Machozi yalimtoka Mwalimu, moja likashuka puani likaning'inia, na hakulifuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye kamera na mwingine umeshika stendi. Jicho aliliona lile chozi na moyo wake, mjinga kama alivyokuwa siku zote, ulilainika. Aliona nywele za kisogoni zilizohitaji kunyolewa. Aliona kola aliyoishonea kifungo yeye mwenyewe. Akawaza labda mtu akishatoa uchafu wake wote mbele yako, kilichobaki ndani ni kizuri. Akawaza labda leo ndiyo siku, labda aliposema niliogopa alikuwa anamaanisha siogopi tena. Alitaka tu Mwalimu ageuze kichwa amtazame. Akimtazama machoni, atajua la kufanya.

Akanyoosha mkono, akaweka vidole vyake mgongoni kwa Mwalimu, kati ya mabega.

Sasa, hapa lazima ieleweke jinsi walivyokuwa wakifanya kazi. Msimu wa kwanza, Mwalimu alishikwa na mafua mpaka sauti ikamwisha, na wasingeweza kuitana. Ndipo wakabuni lugha ya vidole. Jicho anatazama mbuga kwa macho matupu, Mwalimu analala nyuma ya kamera haoni kitu zaidi ya kile kipande cha kijia. Mnyama akija Jicho anamgusa mgongoni, na akigusa tu, Mwalimu anabonyeza, bila kuuliza, bila kufikiri. Kila picha iliyosifiwa kwenye maonyesho ya chuo ilianzia kwenye ncha za vidole vya mwanamke huyu. Chini ya picha waliandika jina la Mwalimu peke yake, naye Jicho alicheka akasema haidhuru. Na mapenzi yao pia yalianzia hapo hapo. Siku moja vidole vilichelewa kuondoka mgongoni, na kamera ikawa imeshapiga, na mnyama ameshapita, na wote wawili wakabaki wamelala pale wakisikiliza mioyo.

Leo aliweka vidole vile vile, mahali pale pale. Mwalimu hakugeuka.

Alibonyeza.

Kamera ilipiga kacha-kacha-kacha kama mtu anayemwaga kokoto kwenye sinia. Na mara hiyo, kwenye ukingo wa nyasi, Jicho alimwona. Pua ndefu ilikuwa imeshatokeza, jicho moja jeusi lenye duara jeupe, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Alikuwa ndiyo kwanza anataka kutoka. Kelele ilipomfikia akapiga miguu ya nyuma chini, ta-ta-ta, akatoweka.

Mwalimu alitazama kioo cha kamera. Picha zote zilikuwa za kijia kitupu.

"Umenigusa mapema," alisema, na sasa hasira ilikuwepo, hasira ya kweli, safi, isiyoogopa watu. "Mapema mno. Msimu mzima, Jicho. Hukuona kama hajatoka?"

"Sikukugusa kwa ajili ya sange."

"Sasa umenigusa kwa ajili ya nini?"

"Nilikuwa nakushika."

Alimtazama. Mwishowe alimtazama, na Jicho akaona kile alichotaka kukiona, yaani macho yake, na ndani yake mlikuwa na mtu ambaye kweli hakuelewa.

"Si ungesema," Mwalimu alinong'ona.

Jicho aliurudisha mkono wake akauweka chini ya kidevu. Angesemaje? Kwamba ngozi haijui tena kama inapendwa au inaitwa kazini?

Simu ya Mwalimu ilianza kutetemeka ardhini, chini ya kifua chake, kama mdudu aliyezibwa kwenye chupa. Aliitoa akaitazama. Hakuhitaji kusema ni nani.

"Pokea," alisema Jicho.

"Atapiga tena baadaye."

"Pokea, Mwalimu. Usipopokea ataendelea, na sange wako hatarudi."

Hilo lilimwingia. Alipokea, akaiziba simu kwa kiganja, akaongea kwa pumzi tu. "Mama. Niko kazini... Ndiyo, kule kule... Hapana, siko peke yangu."

Jicho aliacha kupumua. Alisikia sauti ya yule mama ikivuja kwenye simu, nyembamba, ya uchangamfu, ikiuliza yuko na nani. Ilikuwa rahisi hivyo. Mama mwenyewe ameleta swali mpaka huku porini, ameliweka mkononi mwa mwanawe. Watu wote aliowaogopa hawakuwepo, wajomba hawakuwepo, walimu hawakuwepo. Walikuwepo wao wawili na nyasi.

"Na mwenzangu," alisema Mwalimu. "Hapana... mwenzangu tu wa kazi."

Ile sauti nyembamba ikauliza jambo jingine, na Jicho akalisikia lote, neno kwa neno: "Amekula huyo mwenzako? Usimlaze mtoto wa watu na njaa juani."

"Amekula, mama. Nitakupigia."

Aliiweka simu chini. Wala hakukumbuka kuona aibu. Alikuwa tayari amerudisha jicho kwenye kamera.

"Simama," alisema Jicho.

"Nini?"

"Simama twende kwa mama yako. Sasa hivi, hivi hivi tulivyo, na majani kwenye nguo. Utamwambia huyu ndiye mwenzangu. Mimi nitamwambia shikamoo, basi, sitaongeza neno. Halafu tutakwenda kwa yule binti tumwombe radhi. Nimekusamehe ya nyuma, yote, hata machozi yale. Lakini simama."

"Jicho, nitasema. Naapa nitasema."

"Simama."

"Ngoja apite kwanza," alisema Mwalimu. Alisema kwa upole, kwa kumbembeleza, kama mtu anayeomba kitu kidogo kabisa. "Atarudi, unamjua, haachi kijia chake. Ngoja sange apite, kisha twende popote unapotaka. Kesho trekta linakuja. Nikimkosa leo nimemkosa."

Jicho alisubiri kuona kama atasikia mwenyewe alichosema. Hakusikia. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

Basi aliinuka yeye.

Alitambaa nyuma mpaka akatoka chini ya turubai, akasimama, kimo chake chote, katikati ya mbuga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waanze kwenda kule. Magoti yalimuuma. Jua lilimpiga usoni. Alishangaa nyasi zilivyokuwa fupi, zilimfikia kiunoni tu, na alikuwa amezoea kuziona kama ukuta. Alipangusa gauni, akachukua mkoba wake wenye chupa ya maji na darubini.

"Lala chini, utamtisha," alisikia kutoka kwenye turubai.

"Nakwenda," alisema, kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya kuongea na wateja. Baada ya asubuhi nzima ya kunong'ona ilisikika kama ya mtu mwingine. "Mimi na wewe tumemaliza, Mwalimu. Usije kwangu, si kwa mlango wa nyuma wala wa mbele. Mtoto nitamwambia mwenyewe."

"Jicho. Dakika chache tu."

Aliondoka. Mwanzoni alitembea polepole, hilo lazima lisemwe. Alichagua pa kukanyaga bila sababu. Alisimama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Masikio yake yote yalikuwa nyuma, yakitafuta turubai likisukumwa, nyasi zikivunjika, miguu ya mtu anayekimbia, jina lake likiitwa kwa sauti kubwa, hata mara moja, mchana kweupe. Angegeuka. Pamoja na yote aliyoyasikia, angegeuka, na hata leo ukimuuliza atakuambia hivyo hivyo.

Aliposikia kitu, kilikuwa kamera. Kacha-kacha-kacha. Kimya kidogo. Kisha tena, ndefu zaidi, na mara moja ya mwisho. Hiyo aliijua. Ni namna Mwalimu alivyobonyeza akishapata picha.

Kwa hiyo sange alirudi. Na Mwalimu alimwona bila kuguswa na mtu.

Jicho alilia basi, alilia kwa sauti, mdomo wazi, akitembea, maana hapakuwa tena na haja ya kuuma kola. Alilia mpaka kwenye waya wa shamba, akainama akapita chini yake, gauni likanasa likachanika kidogo pindoni, akalivuta. Alipofika kwenye barabara ya changarawe alikuwa amemaliza machozi ya kwanza. Mengine yangekuja baadaye, jikoni, bafuni, mtoto akiuliza baiskeli. Alifuta uso kwa kiganja, akakohoa kusafisha koo, akatoa simu, akatafuta namba ambayo yule mama aliiacha ili apigiwe picha zikiwa tayari.

Aliitazama kidogo. Kisha akapiga.

"Shikamoo mama. Mimi ni yule wa studio."

"Marahaba mwanangu. Tayari?"

"Zipo tayari, mama, na ni nzuri. Lakini kabla hujazichukua kuna jambo. Huyo mwenzake wa kazi uliyemuulizia sasa hivi kama amekula, ni mimi. Tumekuwa pamoja miaka miwili, mimi na mwanao. Uliniuliza jana baba wa mtoto wangu, nikakujibu. Hukuniuliza mchumba wangu ni nani." Alihamishia simu sikio la pili. "Nimeachana naye leo, si muda mrefu. Sipigi simu kutaka arudishwe. Napiga kwa sababu mtu hawezi kufichwa halafu akasaidia kujificha. Na yule binti mwambie, tafadhali. Akimtaka, amtake akijua."

Redio ilikuwa inaongea mahali fulani nyuma ya yule mama, kisha ikazimwa.

"Mwanangu," alisema yule mama, taratibu, na sauti yake haikuwa na uchangamfu tena. "Mbona jana hukusema? Ulinitazama usoni. Ulinipa kiti."

"Jana nilikuwa bado namsubiri aseme yeye."

"Na sasa uko wapi?"

Lori la maziwa lilitokea kwenye kona, vumbi nyuma yake, mikebe ikigongana. Jicho alishuka kwenye ukingo wa barabara akanyoosha mkono.

"Nimepata gari, mama," alisema. "Narudi kazini."